Bado

Mara ya kwanza niliiamini saa.
Kitabu kilidai muda wa saa nne, nikahesabu saa nne
kama nilivyohesabu zamu miaka ishirini na sita
mbele ya mashine namba tatu, kiwanda cha karatasi,
ambako kila kitu kilikuwa na geji yake
na geji haikunidanganya.
Lakini hapa Oulu, Januari, jikoni kwetu,
barafu imechora dirisha hadi katikati,
na donge lilibaki bakulini kama kiazi.
Nililioka hivyo hivyo.
Hilkka akatafuna, akatafuna,
akasema, "Ladha ipo,"
kisha akaomba maji.

Mara ya pili nililipeleka sauna.
Jumamosi, tumeshaoga, mawe bado yananong'ona;
nikaliweka benchi la chini, nikalifunika taulo,
nikalala usingizi wa mtu aliyevumbua kitu.
Alfajiri lilikuwa limepanda, limefurika, limeporomoka,
limetambaa ubao kwa ubao hadi sakafuni,
linanuka pombe iliyolala.
Nililizoa kwa sepetu ya theluji.
Hilkka alisimama mlangoni, sare ya hospitali chini ya koti,
akalitazama lile ziwa, akanitazama mimi,
tukacheka mpaka jirani Pentti akagonga ukuta.
Kicheko cha kwanza tangu ile barua ya Oktoba.

Leo ni mara ya tatu
(au ya saba; nyingine sizitaji).
Chachu niliijaribu kwanza: tonge moja majini,
likaelea.
Unga, maji, chumvi. Kisha kwa mikono iliyolowa
navuta upande huu, nakunja, navuta ule, nakunja,
kama mtu anayekunja shuka peke yake.
Nusu saa. Tena. Nusu saa. Tena.
Mkunjo wa kwanza liliraruka, wa pili likagoma,
wa nne likashikamana, likakaa wima
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Halafu ikaja kazi ngumu: kutoligusa.

Nimemega kipande, nikakitia kwenye glasi nyembamba,
nikaizungushia kibanio cha nywele cha Hilkka, cha mpira, usawa wa donge.
Hiyo ndiyo geji yangu. Fundi ni fundi.
Sauna imepoa kiasi kwamba nikiweka kiganja,
ubao unanirudishia uvuguvugu tu,
joto la shavu la aliyelala.

Nje ni saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Simu inalia: Marjatta, dada yangu, yuko Kuopio.
"Kazi umepata?"
"Bado."
"Na huo mkate?"
"Bado."
Akanyamaza.
Nilitaka kumwambia kwamba hizo si bado moja,
kuna bado ya mlango uliofungwa
na kuna bado ya kitu kinachopumua chini ya taulo,
ila sina hakika, na simu ni ghali,
nikamuuliza habari za paka.

Ninachokijua nakijua kwa macho:
ukingo umeanza kubinuka, unaachana na bakuli;
viputo viko chini ya ngozi, kimoja kama jicho la samaki;
ukilisukuma bakuli, lote linatetemeka
na halitulii upesi.
Kwenye glasi limeuvuka mpira, nusu ya kimo chake na ziada kidogo.
Si maradufu. Maradufu ni tamaa,
na tamaa nimeshaizoa kwa sepetu.

Hilkka anaingia na theluji mabegani,
buti moja mguuni, nyingine mkononi.
"Tayari?"
Nachovya kidole katika unga, nabonyeza.
Shimo linarudi, polepole, halirudi lote.
Ndiyo iko kwenye ncha ya ulimi.
Nasogea benchini, nampa nafasi,
naye anaketi na koti lake,
anavua glovu,
anauliza kama na yeye anaweza kubonyeza.